Programu za zamani kwenye kompyuta mpya: majibu kwa wasomaji kuhusu kompyuta pepe

Tangu Microsoft ilipofikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua zinazoletwa kwenye safu hii zimekuwa na kilio kimoja: ofisi imenunua kompyuta mpya, lakini programu ambayo kazi yote inaitegemea haitaki kufunguka humo. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya maswali hayo.

SWALI: Chama chetu cha akiba na mikopo kimenunua kompyuta zenye Windows 11. Programu yetu ya mishahara na mikopo iliandikwa katika miaka ya tisini kwa FoxPro, mfumo wa kutengenezea hifadhidata, ya DOS, yaani mfumo wa uendeshaji uliotangulia Windows, na kwenye kompyuta hizi inatoa taarifa kwamba haiwezi kufanya kazi. Aliyeiandika hapatikani tena. Mfumo mpya tumekwisha kuuagiza, ila hautakuwa tayari kabla ya kufunga hesabu za mwaka. Tufanye nini? (Mhasibu, Moshi)

JIBU: Ndugu mhasibu, kwanza ondoa hofu kwamba hesabu zimeharibika. Windows ya biti 64 haina kabisa ile sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za DOS na za biti 16, na Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee. Ofisi nyingi zilivuka kutoka Windows XP hadi Windows 7, na hata hadi Windows 10, bila kuhisi lolote kwa sababu zilikuwa zikitumia toleo la biti 32, ambalo bado lilikuwa na sehemu hiyo. Kwa hiyo mafaili yenu ya DBF, yaani yale ambamo FoxPro huweka data, ni mazima, na nakusihi usimruhusu mtu yeyote "kuyatengeneza" kabla hujaweka nakala zake mahali pawili tofauti.

Njia inayowafaa katika kipindi hiki cha mpito ni kompyuta pepe. Programu kama VirtualBox, VMware Workstation au Hyper-V hutenga sehemu ya kumbukumbu na diski ya kompyuta mpya, kisha ndani ya sehemu hiyo ukasimika mfumo wa uendeshaji wa zamani, na programu yenu ikajiona iko kwenye kompyuta iliyoizoea. Diski ya kompyuta hiyo ya ndani ni faili moja kubwa tu kwenye kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi inayoibeba, jambo linalorahisisha sana kuihamisha na kuiwekea nakala.

Mnaweza kusimika nini humo? Ikiwa programu inatumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ripoti zake zinaweza kuandikwa kwenye faili badala ya kwenda moja kwa moja kwenye printa, ningeanza kwa kujaribu FreeDOS, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1994 na Jim Hall na ambao toleo lake la 1.3 lilitoka mwaka 2022. Hauhitaji leseni ya kulipia, unatosheka na kumbukumbu ndogo mno, na kwa kuwa hauna Windows ndani yake, matundu ya usalama ya Windows za zamani hayakuhusu. Ikiwa lazima karatasi za mishahara zitoke kwenye printa ya doti-matriksi, basi Windows ya biti 32 itawapunguzia taabu, mradi muwe na leseni yake inayoruhusiwa kuhamishwa.

Kwenye uchapaji ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa undani. Programu ya DOS hutuma maandishi kwenye poti ya LPT1, tundu la zamani la kuunganishia printa, na kompyuta mpya haina poti hiyo. Ndani ya Windows ya zamani, simika printa kama kawaida, ishirikishe mtandaoni kwa jina fupi lisilo na nafasi, kisha fungua dirisha la amri na uandike net use lpt1, ikifuatiwa na anwani ya printa hiyo na neno /persistent:yes. Kuanzia hapo kila kinachotumwa LPT1 kitaelekezwa kwenye printa. Ila tambueni kwamba printa nyingi za bei nafuu za leza hazielewi maandishi ghafi ya DOS, kwa sababu hutegemea Windows kuzichorea ukurasa mzima kabla ya kuupokea. Msiitupe ile printa ya doti-matriksi eti kwa sababu mmenunua kompyuta mpya.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka data. Nimeona pendekezo kwamba kila karani apewe kompyuta pepe yake yenye programu na mafaili yake, na nalipinga kabisa: ndani ya wiki moja mtakuwa na vitabu vinne vya mikopo visivyokubaliana, na hakuna atakayejua kipi ni cha kweli. Wala msiweke mafaili ya DBF kwenye folda inayoshirikiwa kati ya kompyuta ya ndani na mwenyeji halafu watu wawili wakayafungua kwa pamoja, kwa kuwa kufuli zinazozuia wawili kuandika rekodi moja haziaminiki katika njia hiyo. Kwa miezi michache iliyobaki, tengeni kompyuta moja yenye kompyuta pepe moja, na makarani wapokezane zamu. Itawachelewesha kidogo, lakini hesabu zitabaki kuwa moja.

Jambo la tatu linagusa mishahara ya watu, kwa hiyo lisomwe kwa makini. Programu hizi zote zina uwezo wa kuhifadhi hali ya kompyuta pepe ilivyo wakati fulani ili mweze kuirudia mambo yakiharibika. Ni uwezo mzuri kabla ya kubadilisha mipangilio, lakini mkirudia hali ya Jumatatu siku ya Ijumaa, kila mlichoingiza katikati kinafutika pamoja na kosa mlilotaka kulifuta. Tena hali hiyo hukaa kwenye diski ileile, hivyo diski ikifa vyote vimekwenda. Wekeni mafaili ya data kwenye diski pepe ya pili iliyopangwa isiguswe na urejeshaji huo, na kila jioni, programu ikiwa imefungwa, nakilini data kwenye diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini.

Mwisho, msishangae feni ikivuma programu ikiwa imekaa tu. Programu za DOS huuliza kibodi mfululizo kama kuna kitufe kilichobonyezwa, na hivyo kumaliza nguvu yote ya kiini kimoja cha prosesa. Katika Windows ya biti 32, sifa za njia ya mkato ya programu hiyo zina mpangilio wa kupunguza tabia hii.

SWALI: Maabara ya hospitali yetu ina mashine ya kupima damu inayoongea na kompyuta ya Windows XP kupitia waya wa siriali. Kompyuta hiyo sasa inazimika yenyewe. Je, tunaweza kuihamishia kwenye kompyuta pepe? Nayo ikishahamia humo, itakuwa salama kuunganishwa na mtandao wa hospitali? (Afisa TEHAMA, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, kabla hujafikiria lolote lingine, chukua nakala ya diski ile leo, maadamu kompyuta bado inawaka. Disk2vhd, programu ndogo ya bure iliyo katika mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft, hunakili diski nzima ya kompyuta inayofanya kazi na kuigeuza faili la diski pepe. Andika faili hilo kwenye diski ya nje, wala usilihifadhi kwenye diski ileile inayoumwa.

Kuhusu waya wa siriali, kompyuta pepe inaweza kuelekezewa poti ya COM, yaani ya siriali, ya kompyuta mwenyeji. Kompyuta mpya ikikosa poti hiyo, ningenunua kadi ya siriali ya kuchomeka ndani ya kompyuta kabla ya kufikiria kiunganishi cha USB, kwa sababu viunganishi vya bei rahisi wakati mwingine hupoteza herufi au kuchelewesha ujumbe, na hapa herufi iliyopotea inaweza kuwa tarakimu ya kiwango cha himoglobini ya mgonjwa. Linganisha pia kasi ya mawasiliano na mipangilio mingine ya poti kwa kuiandika kutoka kompyuta ya zamani, usikisie.

Pamoja na hayo, kompyuta pepe kuwaka na kupokea matokeo hakutoshi. Mwandikie mtengenezaji wa mashine umuulize kama mpangilio huu unakubalika, kwa sababu kifaa cha tiba huidhinishwa pamoja na programu na vifaa vyake, na mabadiliko yanaweza kuondoa dhamana. Kisha endesheni sampuli za udhibiti, zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kwa njia zote mbili sambamba, mlinganishe tarakimu moja baada ya nyingine, na jibu la mgonjwa lisitoke kwenye njia mpya mpaka mkuu wa maabara ametia saini. Najua shinikizo la foleni pale dirishani lilivyo, lakini hatua hii haina njia ya mkato.

Kuhusu usalama, jibu langu ni hapana. Windows XP ilifikia mwisho wa huduma tarehe 8 Aprili 2014, na kuiweka ndani ya kompyuta pepe hakuzibi tundu hata moja: ikiunganishwa moja kwa moja na mtandao wa hospitali, kirusi hakitofautishi kati yake na kompyuta ya kawaida. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa toleo la kwanza la itifaki ya SMB ya kushirikisha mafaili, na nchini Uingereza kikavuruga takriban theluthi moja ya taasisi za huduma ya afya ya umma katika England, wagonjwa wakaahirishiwa miadi na upasuaji. Na wengi hawajui kwamba kompyuta nyingi zilizoathirika pale zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikihudumiwa, na kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo kinga yako ina sehemu mbili. Kompyuta ya ndani iunganishwe na mwenyeji wake peke yake, bila njia ya kwenda mtandao wa ofisi wala intaneti, na mwenyeji awe na masasisho yote. Matokeo yapite kwenye folda moja iliyopangwa, na programu iliyo upande wa mwenyeji ndiyo iyapeleke kwenye mfumo wa hospitali.

Usijaribu kupitisha mafaili kwa njia ya kawaida ya Windows kati ya XP na Windows 11, kwa maana SMB ya toleo la kwanza haisimikwi tena kwa kawaida tangu mwaka 2017. Mafundi wengi wakiona hivyo huiwasha upya kwa lazima, na hapo wanakuwa wamefungua mlango uleule uliopitiwa na WannaCry. Tumia folda ya pamoja ya programu ya kompyuta pepe yenyewe.

SWALI: Wafanyakazi wetu wote wanatumia mfumo wa ndani wa maombi ya likizo unaofunguka kwenye Internet Explorer pekee. Muuzaji anatushauri tununue seva kubwa na kumpa kila mtu kompyuta pepe ya Windows 7. Ni sahihi? (Meneja utawala, Dar es Salaam)

JIBU: Msinunue. Internet Explorer 11 ilifikia mwisho wa huduma kwenye Windows 10 tarehe 15 Juni 2022, lakini kivinjari cha Edge kina hali maalumu inayotumia injini ya Internet Explorer kwa tovuti mtakazoziorodhesha, na Microsoft imeahidi kuihudumia hadi angalau mwaka 2029. Fundi wenu aandae orodha hiyo ya anwani na kuisambaza kwa kompyuta zote. Ni kazi ya siku moja, na haihitaji seva. Kompyuta pepe ina gharama yake ya leseni, ya kumbukumbu na ya matunzo, kwa hiyo ifikiriwe baada ya njia nyepesi kushindwa. Zipo hata programu za zamani ambazo watu huziogopa bure: zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, kwa mfano, nyingi zinafanya kazi kwenye Windows 11 zikisimikwa vizuri.

SWALI: Nilitumia Disk2vhd kama ilivyoshauriwa na wengi, nikaifungua diski ya XP katika VirtualBox. Inaanza kuwaka, kisha skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Nikifanikiwa kuipita, nahofia Windows itadai leseni yake ihakikiwe upya. Aidha, mashine nzima iko taratibu kupita kiasi. (Fundi kompyuta, Mwanza)

JIBU: Kijana wangu, namba hiyo maana yake Windows imeanza kupakia halafu ikashindwa kuiona diski inayotoka. XP haina ndani yake draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ya SATA, njia ya kisasa ya kuunganisha diski, na VirtualBox huenda imeifunga diski yako kwenye kidhibiti cha SATA. Zima kompyuta pepe, nenda kwenye mipangilio ya hifadhi, iondoe diski kwenye SATA na uifunge kwenye kidhibiti cha IDE, njia ya zamani ambayo XP inaijua, kisha uiwashe tena. Mara nyingi hilo hutosha. Lisipotosha, rudi kwenye kompyuta halisi, iwashe, na kwenye orodha ya vifaa badilisha draiva ya kidhibiti cha diski iwe ile ya kawaida ya IDE kabla ya kunakili upya, na hapo utaona faida ya kutoiharibu kompyuta ya zamani mapema.

Kuhakikiwa upya ni jambo la kutarajia, kwa kuwa XP inaona karibu vifaa vyote vimebadilika. Hapa pana suala la sheria pia: leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa na kompyuta hiyo, na haihamii kwenye kompyuta pepe kwa sababu tu faili limenakilika. Wapo wanaokumbuka XP Mode, ambayo Microsoft iliitoa bure mwaka 2009, nao hudhani ruhusa ile bado ipo. Ilikuwa kwa wenye Windows 7 za Professional, Enterprise na Ultimate, na haikuhamia kwenye Windows zilizofuata. Vilevile VirtualBox yenyewe ni huria, lakini kifurushi chake cha nyongeza kina masharti tofauti kwa matumizi ya kibiashara, kwa hiyo kisome kabla ya kukisimika kwa mteja.

Kuhusu wepesi, tazama pembe ya chini ya dirisha la VirtualBox. Ukiona alama ya kobe wa kijani, maana yake Hyper-V imewashwa kwenye Windows 11 na imeshika vifaa vya prosesa vinavyosaidia kompyuta pepe, na VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Ama uhamie Hyper-V kabisa, ama uizime pamoja na vipengele vya usalama vinavyoitegemea, jambo ambalo kwa kompyuta ya ofisi silipendi. Ikiwa programu ya mteja inahitaji kifaa cha leseni cha kuchomeka kwenye USB, VirtualBox na VMware hukipitisha ndani kwa urahisi kuliko Hyper-V. Zaidi ya hayo, hakikisha kompyuta mwenyeji ina RAM ya kutosha. XP ya biti 32 haitaweza kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiipa zaidi, na kwa programu nyingi za zama zile GB 1 inatosha.

SWALI: Bodi inauliza kama kompyuta pepe si njia ya kuahirisha tatizo tu. Je, si afadhali tulipie masasisho ya ziada ya Windows 10 na kubaki tulipo? (Mkurugenzi wa fedha, Nairobi)

JIBU: Bodi imeuliza vyema. Masasisho ya ziada kwa mashirika yalianza kwa dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, bei inaongezeka maradufu kila mwaka, na mwisho wake ni miaka 3, yaani Oktoba 2028. Kwa hesabu hiyo kompyuta moja itakuwa imemeza dola 427, na mtabaki na kompyuta zilezile zilizochakaa. Ningelipia kwa kompyuta mbili tatu ambazo kweli hazina njia nyingine, nizihamishe zilizobaki.

Na ndiyo, kompyuta pepe ni kuahirisha, na kuahirisha kwa tarehe inayojulikana ni uamuzi halali wa kiutawala. IBM ilipotangaza kompyuta za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, iliwapa wateja wa kompyuta yake ya 1401 uwezo wa kuendesha programu zao za zamani ndani ya baadhi ya mashine mpya, kwa sababu ilijua hakuna kampuni itakayokubali kuandika upya kila kitu kwa mkupuo. Ilisaidia sana. Lakini zipo ofisi zilizoendelea na programu za 1401 kwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa hakuna aliyewekewa siku ya kuziacha. Kwa hiyo bodi ikiidhinisha kompyuta pepe, iandike kwenye kumbukumbu za kikao programu ipi inahifadhiwa humo, nani anaimiliki, mfumo gani unaichukulia nafasi, na siku gani itazimwa. Pasipo mambo hayo manne ningewashauri wasiidhinishe.

SWALI: Tumekwisha kuhamia mfumo mpya wa hesabu, lakini miaka ya nyuma imebaki kwenye ule wa zamani ulio kwenye kompyuta pepe. Tunaweza kuifuta? (Mhasibu mkuu, Arusha)

JIBU: Msiifute bado. Sheria ya kodi ya Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka 5, na mkaguzi akiomba hati ya mwaka juzi, faili la DBF lisilo na programu ya kulisoma halitamsaidia. Toeni kwanza ripoti zote muhimu kwa PDF, mwaka kwa mwaka. Kisha ondoeni majina ya watumiaji wa kawaida, mbakize mmoja wa kusoma tu, mkate kabisa kadi ya mtandao ya kompyuta pepe, mzime, na mtoe nakala yake yote kwa muundo wa OVA unaoweza kufunguliwa na programu zaidi ya moja. Hifadhini nakala mbili katika majengo mawili, zikiwa zimesimbwa, kwa sababu ndani yake kuna mishahara na namba za simu za watu ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde. Nenosiri la kusimbua na nenosiri la programu yenyewe viandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye sefu ya ofisi pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo. Mara moja kwa mwaka, mtu ambaye hakushiriki kuihamisha aifungue kwa kufuata ukurasa huo peke yake, achape salio la mwezi mmoja, na palipomkwamisha parekebishwe siku hiyohiyo.